Kuku kumi na tisa

Usiku wa Jumamosi moja mwaka jana, mtu aliingia kwenye seva yangu ndogo ya Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga dunia kwa matofali, akafungua banda la mpwa wangu, akaua kuku wote 19 mmoja baada ya mwingine kwa upanga wa chuma, kisha akapanda kwenye paa la nyumba ya mbao ambayo mtoto huyo alikuwa ameijenga kwa wiki tatu, akamimina ndoo mbili za lava na kuondoka. Asubuhi mpwa wangu alipoingia alikuta bomba la moshi la mawe limesimama peke yake katikati ya lava iliyokuwa bado inang'aa. Hakulia. Alizima kompyuta, akaenda kumsaidia mama yake kuchambua mchele, kazi ambayo kwa kawaida huombwa mara tano ndipo aifanye.

Seva hiyo niliianzisha mwenyewe, kwenye kompyuta ya zamani iliyo chini ya meza ya sebuleni kwangu Morogoro, kwa sababu nilichoka kuona watoto wa ukoo wetu wakitukanwa na watu wasiowajua katika michezo ya hadhara. Walioruhusiwa kuingia walikuwa 22 tu: wapwa, binamu zao, watoto wa majirani, na ndugu wawili wa upande wa mama wanaoishi Muscat. Hapakuwa na njia ya kuingia bila mimi kuandika jina la mtu kwenye orodha. Kwa hiyo aliyechoma nyumba hakuwa mgeni wala mhuni wa mbali, bali mmoja wa watoto wanaoniamkia.

Jambo hilo lilinisumbua kuliko lava yenyewe, na ndilo lililonifanya nianze kusoma kwa makini jinsi watengenezaji wa michezo ya mtandaoni walivyohangaika na fujo za wachezaji kwa karibu miaka 40 sasa. Nimefikia maoni ambayo wachezaji wenzangu wengi hawayapendi. Tukitukanwa, au mwenzetu akiiangusha timu makusudi, kilio chetu huwa kimoja, kwamba afungiwe, tena milele. Mimi ninaona kwamba kufungia akaunti ni sehemu ndogo ya kazi, tena ile rahisi, kwa kuwa fujo nyingi hufanywa na watu wa kawaida waliowekwa mahali ambapo fujo ina raha na haina ugumu wowote. Mwenye kujenga mahali hapo ndiye mwenye kazi kubwa.

Kwanza niwaondolee hatia vijana wa siku hizi, ambao kila mzee huwatupia lawama. Mwaka 1986 kampuni ya Lucasfilm ilikuwa ikijaribu mchezo ulioitwa Habitat, uliochezwa kwenye kompyuta za Commodore 64 zilizounganishwa kwa laini ya simu. Mji ule wa katuni ulikuwa na wakazi wachache kweli, na bado haukuchukua muda mrefu kabla wizi na mauaji kuanza. Chip Morningstar na Randy Farmer, waliousimamia, waliandika baadaye jinsi wakazi walivyojadiliana kama kuua ni kosa au ni sehemu ya mchezo, jinsi mchezaji mmoja ambaye katika maisha yake alikuwa padri wa Kiorthodoksi alivyofungua kanisa ambalo waumini wake walikatazwa kubeba silaha na kuiba, na jinsi walivyofikia kupiga kura kumchagua mkuu wa polisi. Ninaipenda sana habari hiyo ya kanisa. Watu walikutana na vurugu katika mji usiokuwapo, wakafanya kile ambacho watu hufanya katika miji iliyopo.

Miaka 11 baadaye, mchezo wa mtandaoni wa Ultima Online ulifunguliwa kwa maelfu ya watu, na majambazi wakajaa njiani wakiwavizia wageni waliokuwa wakitoka mjini na majembe yao. Watengenezaji walijaribu kuhesabu sifa njema na mbaya za kila mchezaji, wakawapa wauaji majina mekundu, na mwisho, mwaka 2000, wakaigawa dunia sehemu mbili zinazofanana, moja ambayo mtu hawezi kumshambulia mwenzake bila ridhaa na nyingine ya zamani yenye hatari zake. Wachezaji wengi walihamia kwenye amani. Hadi leo wako wakongwe wanaosema mchezo uliharibiwa siku ile, na ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba wengi wao walikuwa upande wa wenye mapanga.

Mfano ulionifungua macho zaidi ni wa mchezo mtulivu kabisa. Journey ulitoka mwaka 2012 kwa PlayStation 3, kazi ya studio ndogo ya thatgamecompany. Unatembea jangwani kuelekea mlima, na njiani unaweza kukutana na msafiri mwingine ambaye ni mtu halisi popote alipo duniani, lakini hulioni jina lake hadi mchezo umalizike, na huwezi kumwandikia wala kumsemesha isipokuwa kwa mlio mmoja unaofanana na noti ya muziki. Jenova Chen, aliyeuongoza, alikusudia kutengeneza mchezo ambao watu wasiofahamiana watahisi upendo. Katika majaribio ya awali, miili ya wasafiri iliweza kugongana na kusukumana, kwa nia njema kabisa, ili wasaidiane kuvuka vikwazo. Kumbe wachezaji walichofanya ni kusukumana magengeni, waanguke chini. Chen mwenyewe alikiri kwamba alijikuta akifanya vivyo hivyo, na akavunjika moyo kuhusu binadamu.

Akaenda kumuuliza mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Jibu alilopewa, kama alivyolisimulia mara nyingi, ni kwamba mtu anapoingia katika dunia mpya ya kompyuta hurudi kuwa kama mtoto mchanga: hajui lililo jema na lililo baya humo, anajaribu kila kitu, na anarudia kile kinachotoa mwitikio mkubwa zaidi. Mtoto akidondosha kikombe na watu wote wakaruka, atakidondosha tena. Kumsukuma mwenzako gengeni kunatoa mwitikio mkubwa mno: mtu anaanguka, anapiga kelele, anapotea. Kumsaidia hakukuwa kunatoa lolote.

Hivyo Chen na wenzake hawakuandika kanuni za maadili, wala hawakuweka kitufe cha kushtaki. Waliondoa kugongana. Msafiri akimsukuma mwenzake, anapita tu kana kwamba amepita kwenye moshi. Badala yake, wasafiri wawili wakigusana, skafu zao hung'aa na kupata nguvu ya kuruka, na hivyo ukaribu ukawa ndicho kitu chenye mwitikio. Watu walewale ambao wangesukumana gengeni walimaliza safari wakiwa wamesogeleana, kwa sababu katika theluji ya karibu na kilele hakuna faida nyingine ila kusogeleana. Nimelifikiria sana jambo hilo la kuondoa kugongana. Ni uamuzi wa fundi, uliofanywa na mtu aliyekubali kwamba kosa liko kwenye ngazi yake na si kwenye miguu ya wapandaji.

Msomaji atasema, na atakuwa na haki, kwamba Journey hauna ushindani, na kwamba ni rahisi kuwa malaika pasipo na kombe. Tuutazame basi League of Legends, ambao watu watano hupambana na watano kwa nusu saa au zaidi, na ambao kwa miaka mingi ulisifika kwa matusi kama soko la samaki lisilo na mzee. Kampuni ya Riot Games iliuzindua mwaka 2009, na mwaka 2011 ikaanzisha baraza la wachezaji: kesi za walioshtakiwa ziliwekwa hadharani pamoja na maneno waliyoandika, majina yao yakiwa yamefichwa, nao wachezaji wenzao wakazisoma na kupiga kura ya kuadhibu au kusamehe. Kuna kitu kizuri hapo, kwa sababu mashine haijui kero ni nini katika jamii fulani mpaka jamii yenyewe iiambie. Lakini kesi zilichukua muda mrefu, na adhabu inayomfikia mtu wakati amekwisha kusahau kosa lake humfundisha kitu kimoja tu, kwamba wakubwa wana chuki naye. Baraza lilifungwa mwaka 2014, na baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na mifumo inayotoa adhabu haraka baada ya mechi na kumwonyesha mtu maneno yake mwenyewe yaliyomponza.

Mwaka 2012 Riot ilimwajiri Jeffrey Lin, mtaalamu wa sayansi ya ubongo, kuongoza timu ya kuchunguza tabia za wachezaji. Kati ya waliyoyabaini, moja ndilo nililolikumbuka usiku ule nilipokuwa nikitafuta aliyeua kuku. Wachezaji ambao ni wahuni siku zote ni wachache mno, na hata wote wangefungiwa kwa mkupuo, sehemu kubwa ya matusi ingebaki palepale, kwa sababu hutoka kwa watu ambao kwa kawaida hawana neno, ila leo wamefokewa kazini, au wamepoteza mechi mbili mfululizo, au wametukanwa katika mechi iliyopita nao wameyabeba matusi yale mpaka kwenye mechi inayofuata kama mtu abebavyo mafua.

Ndipo wakafanya jaribio ambalo kwangu ni la maana kuliko baraza lote. Mazungumzo kati ya timu mbili zinazopingana yalikuwa yamewashwa kwa kila mtu tangu mwanzo. Wao wakayazima, na mwenye kuyataka akaachiwa ayawashe mwenyewe kwenye mipangilio. Hapakuwa na katazo lolote. Kilichoongezeka ni hatua mbili tatu za vidole. Matokeo yalikuwa kwamba maneno mabaya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30, na maneno mazuri yakaongezeka kwa karibu asilimia 35, ilhali kiasi cha mechi zilizokuwa na mazungumzo kilibaki vilevile. Watu hawakunyamazishwa, maana waliendelea kuzungumza. Kilichobadilika ni kwamba kati ya hasira na tusi pakawekwa kizingiti kidogo, na hasira nyingi, kama ilivyo, hazina pumzi ya kuvuka hata kizingiti cha urefu wa kidole. Katika jaribio jingine walionyesha mawaidha mafupi wakati mechi inapofunguka, na waidha lililosema kwamba mwenzako hucheza vibaya zaidi ukimsimanga baada ya kukosea, likiandikwa kwa rangi nyekundu, lilipunguza lugha chafu kwa asilimia 11. Lilipoandikwa kwa rangi nyeupe halikufua dafu.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kuna jambo la kwetu ambalo wataalamu hao hawakuwa na haja ya kulifikiria. Mtanzania hahitaji kufundishwa kwamba tusi linaweza kuwa salamu. Tuna utani. Mashabiki wa Simba na Yanga huitana watani wa jadi, na asubuhi ya Jumatatu baada ya mechi yao hakuna ofisi isiyokuwa na mtu anayedhihakiwa mpaka chai imshinde. Watani wa kabila waliweza kufika msibani na kumwiga marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Kwa hiyo mara nyingi kijana wetu akishtakiwa mchezoni hujitetea kwamba alikuwa anatania, na mara nyingine anasema kweli kabisa. Tatizo ni kwamba utani una mipaka ambayo pande zote mbili zinaijua tangu kabla ya wao kuzaliwa. Mtani wako anajulikana, na wewe unajulikana kwake; una haki ya kumrudishia, na kuna matusi ya nguoni ambayo hata mtani hagusi. Huwezi kumtania mtu usiyemjua ukoo wala timu, aliye katika nchi usiyoijua, ambaye mtakuwa pamoja kwa dakika 30 kisha msionane tena. Kule kuzima mazungumzo mpaka mtu ayawashe kwa hiari kunafanana na kubisha hodi: anayefungua amekubali kuzungumza.

Adhabu nazo zina vituko vyake. Mwaka 2012 kampuni ya Rockstar ilitangaza kwamba watakaobainika kudanganya katika mchezo wa Max Payne 3 hawatafukuzwa, bali watawekwa kwenye kundi la wadanganyifu wenzao ili watafunane. Katika GTA Online, kampuni hiyohiyo iliamua kwamba anayezoea kulipua magari ya wenzake au kuzikimbia mechi atahamishiwa kwenye uwanja wa wasio waungwana na kuvishwa kofia ndefu ya mjinga. Nilicheka niliposoma hayo, mpaka nilipomwona rafiki yangu mmoja amejipiga picha na kofia ile, akaiweka kwenye wasifu wake kama mtu aliyehitimu. Aibu hufanya kazi mbele ya watu ambao heshima yao unaihitaji. Mbele ya wageni, kofia ya mjinga ni kofia tu, tena ambayo wengine hawana.

Na adhabu ya mashine haiulizi. Kuna mchezo wa timu ninaoucheza, ambao sitautaja, unaomhesabu kila anayetoka katikati ya mechi kuwa amewatelekeza wenzake, na kwa ujumla ni sheria ya haki, kwa kuwa timu ya wanne dhidi ya watano imekwisha kufa. Usiku mmoja, tukiwa tumebakiza kidogo kushinda, uniti za LUKU ziliisha. Kosa lilikuwa langu, mke wangu alikwisha kunikumbusha mchana. Nilitafuta simu gizani, nikanunua umeme, nikaingiza tarakimu 20 kwa kubahatisha kwa mwanga wa skrini, nikarudi baada ya dakika sita na kukuta nimehukumiwa kucheza mechi tano katika foleni ya wakosaji. Humo niliwakuta watu wa kila aina: mmoja aliyekuwa akijipeleka kwa adui makusudi huku akihesabu vifo vyake kwa sauti, mwingine aliyesimama tu nyuma ya ngome akizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Katika mechi ya tatu mtu wa timu yangu aliandika neno moja, "stima?", nami nikamjibu, "umeme." Tukaelewana, Mkenya na Mtanzania gerezani kwa kosa moja, tukacheza vizuri, tukashinda.

Simlaumu aliyetunga sheria ile. Ninachosema ni kwamba alipoiandika alikuwa na picha ya mchezaji kichwani, na mchezaji huyo anaishi mahali ambapo umeme haukatiki na bando haliishi, hivyo kutoweka kwake lazima kuwe ni dharau. Kama mashine ingetofautisha aliyejitoa kwa kubonyeza kitufe na aliyepotea ghafla kisha akarudi mbio, nusu ya wafungwa wa Afrika Mashariki wangeachiwa huru usiku uleule.

Vichujio vya maneno vina picha hiyohiyo kichwani. Katika mchezo mwingine niliandika "tuwafagie", yaani tuwamalize hao maadui wote, na wenzangu wakasoma "tuwa*ie", kwa sababu katikati ya ufagio wetu mna herufi tatu ambazo kwa Kiingereza ni tusi kwa mashoga. Siku nyingine nilimwambia mtu aliyekuwa akimtukana mama yangu kwa Kiswahili fasaha, "nitakushitaki", kwa ile i ambayo wengi wetu huiandika, na mashine ikayaacha matusi yake yapite kama yalivyo, ikaja ikafunika herufi nne za ahadi yangu ya kumshtaki. Aliyetukana alisomeka. Aliyelalamika akaonekana mchafu. Siku hizi kuna mashine zinazosikiliza hata sauti. Mwaka 2023 kampuni ya Activision ilianza kutumia mfumo wa aina hiyo katika mchezo wa Call of Duty, ikaanza na Kiingereza kisha kukafuata Kihispania na Kireno. Wanaozijua lugha mbili watakuwa wamekwisha kuelewa maana yake: anayetaka kutukana kwa usalama hutukana kwa lugha ya kwao. Dada yangu mdogo, anayecheza vizuri kuliko mimi, hajawahi kufungua maiki kwenye mechi ya hadhara, na wanaomjua kwa jina lake la mchezoni wanadhani ni mwanamume mpole.

Nirudi kwa kuku. Seva yangu ina programu ndogo ya ziada inayoitwa CoreProtect, inayoandika kila tofali lililowekwa au kuvunjwa, na nani, saa ngapi na mahali gani, na ambayo inaweza kurudisha eneo zima lilivyokuwa kabla. Nilikuwa nimeiweka kisha nikaisahau. Usiku wa Jumapili nilikaa peke yangu nikasoma mistari ile: saa 4:12 usiku geti limefunguliwa, kati ya saa 4:12 na saa 4:15, kuku, kuku, kuku, saa 4:16 ndoo ya kwanza, saa 4:16 ndoo ya pili. Kila mstari ulikuwa na jina lilelile, la mtoto wa jirani wa miaka 11, ambaye ndiye pekee katika seva nzima aliyekuwa akiandika "shikamoo mjomba" kila anaponikuta humo, hata nikiwa nimevaa ngozi ya zimwi.

Jambo la pili nililolisoma lilikuwa nje ya mistari hiyo. Wiki nzima iliyotangulia mtoto yule hakuwa amejenga chochote. Alikuwa amehamahama kwenye viwanja vya wenzake, akivunja tofali moja na kulirudisha, akifungua masanduku na kuyafunga. Nilimwita nyumbani, si mtandaoni, nikampa soda, nikamuuliza kwa nini. Alitazama chini muda mrefu, kisha akasema, "Nilitaka kuona kama inaungua, mjomba." Nikamuuliza kuhusu kuku. Akasema kuku wa kwanza alipokufa alitoa sauti na unyoya ukadondoka, basi akaendelea. Sikujua nicheke au nimchape, nikamkumbuka Chen na wachezaji wake waliosukumana gengeni.

Nilifikiria kumfungia, na mama yake, aliyepata habari kabla yangu kupitia mke wangu, alishauri nimfungie mwaka mzima. Badala yake nilianza na vitu. Nilizima kuenea kwa moto katika seva nzima, jambo ambalo ni amri ya mstari mmoja na ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nikaweka mipaka ili tofali la mtu lisivunjike kwa mkono wa asiyealikwa. Akigonga, hakuna kinachotokea, hata sauti. Ndoo ya lava nikaifanya ifanye kazi mbali na makazi tu. Kwenye eneo la mwanzo, anapotokea kila mtoto anayeingia, nikajenga ubao mkubwa unaoonyesha nani amemsaidia nani wiki hiyo, na ninakiri kwamba ubao huo ulishindwa vibaya sana, kwa sababu ndani ya siku nne wawili wa Muscat walikuwa wakivunja nyumba zao wenyewe kwa zamu ili wasaidiane kuzijenga.

Nyumba niliirudisha kwa CoreProtect, na ilichukua sekunde chache: lava ikatoweka, mbao zikarudi, hata tochi zikarudi ukutani. Kuku hawakurudi, kwa kuwa sikuwa nimeiweka programu ile irudishe wanyama. Hiyo ndiyo kazi niliyompa yule mtoto. Katika Minecraft, yai moja kati ya manane unayorusha, kwa wastani, ndilo hutoa kifaranga, na yai lenyewe unangoja kuku alitage kwa dakika kadhaa. Tulianza na kuku wawili wa kuazima. Nilikuwa naye kila jioni baada ya swala ya isha, sisemi mengi, tunaokota mayai na kuyarusha ukutani, mayai 16 kwa fungu, na yeye akihesabu. Kulikuwa na jioni ambayo tulirusha mayai 32 tukapata vifaranga wawili. Aliniuliza kama hakuna njia ya haraka. Nilimwambia ipo, ya kuwalisha mbegu, lakini si ya sisi wawili. Siku ya tisa tulifunga geti la banda tukiwa na kuku 19, wengine bado wadogo, na yeye akaweka kibao cha mbao mlangoni kilichoandikwa "Samahani. Nimewahesabu."

Huyo bado anacheza, ana shamba lake la miwa karibu na mto, na bado ananiamkia. Mpwa wangu hajarudi. Nilimwonyesha nyumba kwenye skrini yangu, paa zima, tochi zinawaka, kuku wanazunguka uani, akaitazama kwa adabu na kusema ni nzuri, mjomba, kisha akaniomba simu acheze mchezo wa kupanga matunda, ambao huchezwa na mtu mmoja. Jina lake bado liko kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na mara mojamoja usiku huwa ninaingia kuangalia kama geti limefungwa.